Ogawa judo haikumshinda
Kuna makala inasema eti Naoya Ogawa, yule mwanajudo wa Japani, alikimbilia mieleka ya kulipwa kwa sababu judo ilimshinda, jamani mwandishi hii kaitoa wapi? Mtu ana dhahabu 4 za ubingwa wa dunia, ya kwanza 1987 akiwa bado mwanachuo, na Barcelona 1992 kaondoka na medali ya fedha, sasa hapo kashindwa nini? Mechi yake ya kwanza tu ya mieleka, Aprili 1997 Tokyo Dome, kamwangusha Shinya Hashimoto aliyekuwa anashikilia mkanda wa ubingwa wa New Japan, kampuni ya mieleka ya Japani, na ile STO yake, mtupo wake maarufu, ukiiangalia vizuri ni osoto gari ya judo (kumfyeka mpinzani mguu kwa nyuma) imebadilishwa jina tu. Sawa, 2004 kwenye PRIDE, mashindano ya ngumi na mateke mchanganyiko (MMA), Mrusi Fedor Emelianenko alimmaliza haijafika hata dakika, hilo sibishi. Ila ile mechi ya mieleka ya Januari 4, 1999 Ogawa alivyompiga Hashimoto kweli kweli, nyie mnaonaje, ilipangwa au zilikuwa hasira?