Wasichana wa rede, mchezo wenu mwingine huu hapa

Wiki iliyopita ufukweni Shangani hapa Mtwara, maji yakiwa yamepwa, niliwashawishi wapwa zangu na wenzao wa mtaani tujaribu flagi futiboli, yaani mpira wa bendera, ambao mwenye mpira anasimamishwa kwa kuchomolewa bendera kiunoni. Mpira wenyewe hatuna, tukajaza matambara kwenye soksi na kuishona mpaka ikawa kama embe dodo. Bendera tulikata kwenye kanga kuukuu, kila mtu akachomeka vipande viwili, kimoja nyonga hii na kimoja ile.

Wavulana walikuja na mbwembwe zao za chandimu. Kila aliyedaka alikimbia moja kwa moja kama analiwahi basi la Masasi, na hatua ya tatu au ya nne kanga ilishachomolewa. Mmoja akajifanya mjanja, akaifunga fundo. Mwenzie alipovuta, fundo halikuachia, bukta ndiyo iliyoachia. Kuanzia hapo sheria ya kwanza ilieleweka bila mwalimu: bendera haifungwi, inachomekwa.

Aliyenifungua macho ni binti wa darasa la sita ambaye siku zote namwona akicheza rede nyuma ya nyumba. Mnaijua rede: wawili wanakurushia mpira huku na huku, wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa na kukwepa. Binti alidaka soksi ile, akasimama kidogo, akamwacha mkabaji anyooshe mkono, kisha akazungusha kiuno. Mkono ukakamata hewa. Akarudia kwa wa pili. Mimi mstarini nikapiga kelele kama nimefunga mwenyewe.

Ndiyo maana nasema mchezo huu ukija huku Kusini tusiukimbizie kwa wavulana wa kandanda. Tuanze na wasichana wa rede na netiboli. Kurusha wanajua, kudaka wanajua, kukwepa ndiyo usiseme.

Na sheria zenyewe zinawabeba. Mchezo huu ni mtoto wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana, ila hapa hakuna kugongana. Kumwangusha mtu ni kosa, na hata kumzuia mwenzio kwa mwili hairuhusiwi. Ukichomoa bendera moja ya mwenye mpira, mchezo unasimama pale pale. Naye haruhusiwi kuifunika bendera kwa mkono, jambo ambalo vijana wetu walibishania mpaka jua likaanza kuzama. Wazazi wengi hapa Mtwara hawapendi kuona binti yao akikumbatwa na kubwagwa mchangani, na siwalaumu. Huu hata mwenye hijabu na suruali pana anaucheza.

Uwanjani wanaingia 5 kwa 5. Timu ina majaribio 4 ya kuvuka mstari wa kati, ikivuka inapata mengine 4 ya kufika mwisho, na kufika huko ni pointi 6. Mpira ukidondoka, jaribio limekwisha, hakuna kuugombania chini. Mkabaji anayetaka kumkimbilia mrushaji anaanzia yadi 7 nyuma ya mstari ambapo jaribio linaanzia. Sisi tulihesabu hatua saba za mtu mzima, maisha yakaendelea.

Uwanja ni yadi 50 kwa 25, ukiongeza yadi 10 za kufungia kila mwisho. Ukivilaza kwa upana, uwanja mmoja mkubwa wa kandanda unatoa vitatu, hata vinne. Shule ambayo wavulana wameshika uwanja wote kila jioni ingeanzia hapo.

Oktoba 2023 mchezo huu uliingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, timu 6 za wanaume na 6 za wanawake. Kwa nafasi hizo sijidanganyi kwamba kuna wa kwetu atakwenda. Ninachokipenda ni habari ya 2022, kwenye Michezo ya Dunia (World Games) kule Birmingham, Alabama, Marekani: fainali ya wanawake, Meksiko iliichapa Marekani 39 kwa 6. Nyumbani kwao, kwenye mchezo wao!

Najua watakuja wa "tusubiri vifaa". Subirini. Binti yule ameshaniuliza tunarudi lini ufukweni, nami nimemwambia kwanza tutafute kanga nyingine, maana shangazi ameanza kuulizia ya kwake.