Deni la kamari na aibu ya kutangazwa muflisi

Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna mdaiwa anayekumbushwa methali hiyo kwa ukali kama aliyekopa akacheza kamari. Mtu akianguka kwa ugonjwa au biashara iliyokufa, tunamhurumia, na tunaona ni haki sheria imfutie kilichobaki. Aliyeanguka kwa kubeti anaambiwa ajibane alipe mpaka senti ya mwisho, au ukoo uchange. Akithubutu kutaja ombi la kutangazwa muflisi, anaonekana ametenda kosa mara mbili: kwanza alikula fedha za watu, sasa anataka na sheria imkinge. Hasira hiyo naielewa. Tatizo ni kwamba imewasukuma wengi kwenye njia zinazoumiza zaidi, kwa kuikimbia ile yenye jina baya.

Mara nyingi kampuni ya kamari yenyewe haimdai mchezaji kitu, kwa sababu mkeka (tiketi ya kubeti) hulipiwa kabla mchezo haujaanza. Wanaomdai ni benki, kampuni za kadi, wakopeshaji wa kwenye simu, chama cha kuweka na kukopa, mwajiri na shemeji. Kwa hiyo swali la kama deni la mchezo linadaika mahakamani (Ujerumani na Ufaransa halidaiki, Uingereza linadaika tangu Septemba 2007) linawasaidia wachache. Fedha zilikopwa kihalali, na zinadaika popote zilipoishia.

Njia inayopendwa kuliko zote ni ndugu kulipa. Inaonekana ya heshima: siri inabaki nyumbani, wadai wananyamaza, mhusika anaapa hatarudia. Lakini mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, uliiweka kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, ukataja dalili 9 za ugonjwa huo. Mojawapo ni kutegemea watu wengine watoe fedha za kumnasua mtu na hali aliyojiingiza kwa kucheza. Hapo wengi hupita haraka, nami naomba tusimame. Mchango wa ndugu hauji kutoka nje kuutibu ugonjwa. Umo ndani ya orodha ya dalili zake. Ukishalipwa, kila kitu kilichomwezesha mtu kucheza kimerudi: kadi haina deni, kiwango cha mkopo kwenye simu kimepanda kwa sababu "amelipa vizuri", na aliyekuwa akimpigia kila asubuhi kumtisha hapigi tena. Dalili nyingine katika orodha hiyohiyo ni kurudi mchezoni ili kuirudisha hela iliyoliwa. Sasa fikiria anayemdai ni mama yake na kaka yake, kila wakikutana anainamisha macho, na kamari ndiyo kitu pekee anachoamini kinaweza kumaliza deni hilo upesi. Atafanya nini?

Mkopo mmoja mkubwa wa kulipia ile midogo una kasoro hiyohiyo, na ya ziada. Kadi na akaunti zilizolipwa hubaki wazi, tayari kukopeka upya. Tena mkopo wa namna hiyo mara nyingi huombewa dhamana, mara nyingi nyumba. Deni ambalo jana mdai wake hakuwa na cha kukamata, leo limeshikilia paa la watoto, na mke au mume ametia sahihi.

Kulipa kidogo kidogo, bila msaada wa mtu, ndiko kunakosifiwa zaidi, na hesabu yake haifanywi. Chukua deni lililo sawa na mshahara wa miezi 20, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba peke yake inameza asilimia 40 ya mshahara kila mwezi. Anayelipa kiasi hicho hatapunguza deni hata kwa senti, akilipa miaka 3 au 30. Akijitahidi kufika asilimia 45, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 9. Akitoa nusu ya mshahara, karibu miaka 7. Miaka yote hiyo hapaswi kuugua, kuachishwa kazi wala kuteleza usiku mmoja. Tunamwomba mraibu uthabiti ambao wengi wetu wasio na uraibu hatuna, halafu akishindwa tunasema hakutaka.

Kufilisika kisheria kunafanya jambo ambalo njia hizo haziwezi: kunafunga mlango wa kukopa. Uingereza, muflisi haruhusiwi kukopa paundi 500 au zaidi bila kumwambia mkopeshaji kwamba ni muflisi. Marekani, kumbukumbu ya kufilisika inaweza kukaa miaka 10 katika historia ya mikopo ya mtu. Watu huhesabu mambo hayo kama adhabu. Kwa aliyezoea kugeuza kila mkopo kuwa mkeka, ni kinga. Zaidi ya hapo, msimamizi wa kisheria asiye ndugu, asiyeweza kubembelezwa kwa machozi, anapitia akaunti zake zote. Siri, ambayo ndiyo chakula cha uraibu huu, inaishia hapo. Na kuna tarehe ya mwisho: Uingereza muflisi kwa kawaida huachiliwa na madeni yake baada ya miezi 12, Ujerumani tangu mageuzi ya 2020 ni miaka 3.

Upande wa pili una hoja nzito. Sheria yenyewe haimwamini mcheza kamari. Uingereza, mpaka mwaka 2004, kufilisika kwa sababu ya kamari kuliweza kuwa kosa la jinai, na hata leo mtu anaweza kuongezewa vizuizi vya kati ya miaka 2 na 15 kwa sababu hiyo. Marekani, fedha taslimu zilizotolewa kwa mkopo ndani ya siku 70 kabla ya ombi, zikizidi kiwango fulani, huchukuliwa kuwa deni lisilofutika mpaka mdaiwa athibitishe vinginevyo. Na asiyeweza kueleza mali yake ilikokwenda anaweza kunyimwa msamaha wote. Mdhamini hafutiwi kitu: shemeji aliyetia sahihi ataendelea kudaiwa. Wenye kazi za kushika fedha za watu wanaweza kuzipoteza.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote inatoka kwa waliopona. Gamblers Anonymous, chama cha waraibu wa kamari wanaosaidiana kuacha, kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1957, hukaa na mwanachama na mwenzi wake, wakaorodhesha madeni yote na kupanga malipo madogo ambayo familia inaweza kuishi nayo. Kulipa pole pole, wanaona, ni sehemu ya kupona. Nakubali, pale ambapo wadai wamekubali kusimamisha riba na deni linaweza kuisha ndani ya miaka 4 au 5. Mwenye nyumba yenye thamani kuliko deni lake naye afikirie kwanza makubaliano ya namna hiyo, kwa sababu kufilisika kunaweza kumlia nyumba nzima kwa deni la chumba kimoja.

Aliyebaki nje ya masharti hayo asipotezewe muda. Ila asipeleke ombi huku bado anacheza. Marekani, aliyefutiwa madeni kwa utaratibu wa Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika hawezi kufutiwa tena kwa utaratibu huo mpaka ipite miaka 8 tangu alipopeleka ombi la kwanza. Ajifungie akaunti za kamari, amkabidhi mtu mwingine mshahara, akusanye taarifa za benki, kisha ndipo aende. Na katikati hapo asimlipe kaka yake kwanza kwa huruma: sheria ya Marekani inaruhusu malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi yarudishwe, ya Uingereza inatazama nyuma miaka 2, na kaka ndiye atakayeletewa barua ya kuzitapika hela hizo.