Shemeji na mashine ya kunyonya majani

Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha ukoka, si kikubwa kihivyo, ila kimeinamia upande mmoja halafu katikati kuna mti mkubwa ambao sijui una ugomvi gani na sisi, unapukutisha majani kutwa kucha, ukisafisha jioni asubuhi umeshamwaga mengine. Tumeishi nao hivyo hivyo mpaka siku wazazi wa mke wangu waliposema wanakuja kututembelea, na mke wangu akaamua wageni watakaa nje kwenye ukoka, na ukoka uwe msafi, na msafi kwa mke wangu maana yake jani moja lisionekane.

Yeye mwenyewe alishapanga, tuchukue reki ya majani, ile pana yenye meno membamba yanayonesa siyo ile ya chuma ya kusawazishia udongo, tutandike turubai chini, tuvutie majani juu yake, tubebe pembe nne, kwisha. Mi nikakubali. Tatizo shemeji alikuwa hapo.

Huyu shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mtu wa mashine. Hana hata bustani, anakaa ghorofani, lakini muulize chochote kuhusu injini atakueleza mpaka ulale. Aliposikia reki akacheka kwa huruma kabisa. "Shem, yaani mzee anakuja unampokea na reki mkononi? Karne hii? Niachieni mimi." Mke wangu akamwambia kaka tafadhali usilete vitu vyako hapa, na hiyo kwake ilikuwa ndo ruhusa.

Basi siku yenyewe asubuhi na mapema kabisa, umande bado umelala, namwona anashusha vitu kwenye gari, kaazima huku na huku, mashine ya kukatia nyasi yenye mfuko nyuma, mashine ya kunyonya majani ya petroli, na kingine cha magurudumu mawili chenye brashi ndefu ambacho hata sikukijua jina. Nikauliza vyote vya nini. Akasema tutachagua kitaalamu, tunajaribu kimoja kimoja halafu tunaona kipi kinafaa.

Tukaanza na ile ya kukatia. Wazo lenyewe si baya, unakata na nyasi zinarushwa na kisu moja kwa moja hadi kwenye mfuko, hukusanyi mara ya pili. Na wala si jambo jipya, hata ile mashine ya kwanza kabisa ya kukatia nyasi, aliyoibuni Edwin Budding kule Uingereza mwaka 1830, ilikuwa na trei yake ya kupokelea nyasi, kwa hiyo binadamu kahangaika na hili jambo karibu miaka 200 sasa. Ila Budding sidhani kama alikuwa anakata kwenye umande. Nyasi mbichi peke yake karibu asilimia 80 ni maji, ongeza umande juu, kinachotoka pale chini ya kisu siyo nyasi tena ni uji wa kijani. Tumeenda hatua chache tu njia ya kupitishia nyasi ikaziba, mashine inaguna, nyuma ya magurudumu yanadondoka madonge. Shem akainama anataka kuingiza mkono kuzibua na injini inanguruma! Nilipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Nikazima, nikachomoa waya wa plagi kabisa, ndo tukazibua kwa kijiti. Tukasukuma tena, ikaziba tena, mpaka tukakata shauri kuiacha.

Ule uji tukauzoa kwa koleo tukajaza kwenye mifuko mikubwa myeusi ya plastiki, mke wangu akaja akaifunga yeye mwenyewe mafundo ya maana kwamba hataki maji yachuruzike. "Wekeni kwenye buti ya gari ya kaka, akiondoka apitie jalalani." Nikamwambia shem, shem mifuko nakuwekea kwenye buti utaitupa ee, akanijibu sawa sawa bila kugeuka, maana tayari alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya pili anaifungua kwa mahaba.

Sasa hii ya kunyonya ndo yenyewe. Ina bomba pana refu, katikati injini na feni yenye visu, nyuma mfuko wa kitambaa unaning'inia begani kwa mkanda. Jani linavutwa kwenye bomba, linapita kwenye feni linakatwakatwa, linatupwa mfukoni. Kwenye boksi waliandika 10:1, maana yake majani ya magunia kumi yanasagwa yanaenea gunia moja, na shem aliisoma hiyo 10:1 kwa sauti kila alipopata mtu wa kumsikiliza, akiwemo mtoto wangu mdogo ambaye hesabu zake bado ni za vidole. Kwa kweli kwa majani makavu hiyo kitu ni kiboko, sitaki kuisingizia. Nilijaribu kidogo mimi mwenyewe pembeni ya ukuta na kwenye maua, kule ambako reki haifiki vizuri, inafyonza safi kabisa. Lakini inachosha bega, mfuko ukianza kujaa unakuvuta upande mmoja, vumbi lile laini linachujika kwenye kitambaa linakurudia kifuani, na kelele yake huwezi kuvumilia bila vile vikinga masikio.

Mfuko ulipofika nusu tukafungua zipu ya chini tukamwaga. Zipu hiyo ishikilieni, maana mpaka leo haijajulikana nani alikuwa na jukumu la kuifunga. Shem anasema mimi ndo nilimwaga, mimi nasema yeye ndo aliuvaa, mke wangu anasema wote tutoke mbele yake.

Wakati huo saa zimekwenda, viti vimeshapangwa, meza imetandikwa kitambaa cheupe, imebaki ile sehemu ya chini ya mti tu. Shem akasema hiyo niachieni mimi, akavaa miwani, akavaa vikinga masikio, akavuta kamba injini ikawaka, akaanza. Kwa mbele ilikuwa raha kuangalia, anapita na ukoka unabaki mtupu nyuma ya bomba. Sema kwa nyuma ndo kulikuwa na mambo. Kila kilichoingia mbele kilitokea kwenye zipu kimesagwa laini, kinapulizwa kwa nguvu zote za injini, na yeye hana habari, anatembea anazunguka meza taratibu kwa umakini, kitambaa kinabadilika rangi. Nikamwita. Wapi! Mke wangu akapiga kelele, wapi, masikio yamezibwa. Nikamrushia kandambili ikampiga mgongoni, akageuka kidogo, akaniona napunga mikono yote miwili kwa nguvu, akadhani nampongeza. Akaninyooshea dole gumba, akaongeza moto.

Na hapo hapo geti likafunguka, wazee wakaingia.

Mama mkwe alikuwa ametoka saluni, ilionekana. Baba mkwe kavaa suti nyeusi. Shem kuwaona wazazi wake akafurahi, na kwa sababu ni kijana mwenye adabu akawafuata palepale kuwasalimia, mashine begani inanguruma, akainama kwa heshima, na alivyoinama mfuko ukaruka juu zipu ikawaelekea wao. Sikuweza kuangalia yote. Nilipofumbua macho suti ilikuwa ya kahawia na ile saluni ilikuwa imekwenda na maji, mama mkwe kasimama kafumba macho na mdomo kaubana, anapumua kwa pua kwa tahadhari.

Mtu mwingine hapo angezima. Shem aliona mama yake ana majani mwilini, na mkononi ana mashine ya kunyonya majani, akaunganisha hayo mawili. Akageuza bomba akaanza kumnyonya mama!

Mtandio ulienda wote kwa pamoja, fyuup. Tukasikia sauti ya kukwama, injini ikalia kama mbuzi kwenye uzio, ikazima. Kimya. Mama mkwe ameshikilia ncha ya mtandio uliobaki, nyingine inaishia ndani ya bomba, na upande wa pili kwenye zipu inadondoka kipande kimoja kimoja, ya zambarau, yenye nakshi. Shem akavua vikinga masikio polepole, akatuangalia wote, akaangalia mfuko, akasema:

"Shikamoo mama."

Hakuna aliyeitikia. Baba mkwe alianza yeye kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti akakaa, kwenye kiti penyewe kuna majani, akazidi. Mke wangu akamshika mama yake akampeleka ndani kumsafisha, akipita karibu yangu akaninong'oneza "na wewe" tu, halikuwa na mwisho hilo neno.

Mzee alipomaliza kucheka akavua koti akaanza ukaguzi. Akauliza zile nyasi tulizokata tumezipeleka wapi. Nikasema baba, tumezikusanya tumezifunga. Akashangaa, "za nini?" Akasema nyasi ukizikata kidogo kidogo, yaani usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, ziache palepale, zinaoza upesi zinarudisha naitrojeni kwenye udongo, ukoka wenyewe ndo mbolea yake, cha kukusanya ni majani ya mti yakiwa mengi maana yakilala tabaka nene yanauziba ukoka jua, au hizo nyasi ziwe ndefu zimebaki madonge. Sasa baba si ungetupigia simu asubuhi, lakini unamwambiaje mkwe wako hivyo, nikasema ndiyo baba.

Halafu akakiona kile cha magurudumu mawili pembeni ambacho hakuna aliyekigusa. Kumbe kinaitwa mfagiaji wa kusukuma, hakina injini hakina petroli, ukisukuma magurudumu yanazungusha brashi kwa gia, brashi inazungushwa kwa kasi kuliko magurudumu, inachota majani inayarusha kwenye kapu la turubai la nyuma. Mzee akasukuma hatua mbili akasimama, brashi inang'oa mizizi, shem alikuwa ameishusha mpaka chini kabisa kwa imani kwamba chini zaidi ni safi zaidi. Mzee akaipandisha kwa kile kiwiko cha pembeni mpaka ikawa inaingia kwenye nyasi kama sentimita moja tu, akasukuma tena, ikateleza yenyewe. Basi hapo tukampoteza. Suruali kaikunja, anakwenda anarudi, anashuka mteremko brashi inazunguka kwa kasi anakimbia nayo, mke wangu anamwita baba njoo ukae, anasema nakuja, haji. Kile kitu kiliokota kila kilichokuwa kwenye ukoka, majani, vipande vya mtandio, kandambili yangu, na baadaye tukasikia simu ya shem inaita kutoka ndani ya kapu, ikaita weee, mzee hakusimama, akasema nikifika mwisho wa mstari.

Mi kama ni kuchagua ningechagua hicho hicho, kwa sehemu pana na majani makavu. Ila mzee hakuniuliza, alipokuwa anaondoka alikifungia nyuma ya gari lake kwa ule mkanda wa mashine ya kunyonya, akamwambia mwanawe amwambie mwenye nacho kwamba kimepata matumizi. Mtandio tulinunua mwingine, shem alichanga nusu baada ya kusukumwa sana.

Mambo yakatulia. Katikati ya wiki shem akapiga simu, sauti yake haina raha. Anasema shem gari yangu sijui ina nini, kuna harufu humo ndani hata siwezi kueleza, ukifungua mlango inakupiga usoni, nahisi kuna panya kafia kwenye njia za AC. Nikamwuliza umeangalia vizuri? Akasema niko na fundi hapa ameshatoa dashibodi yote, sasa anatoa viti, na cha ajabu shem buti kwa nje ina joto, ukiweka mkono unaisikia, fundi anasema labda ni nyaya zinaungua huko nyuma, kesho anaanza kuzikata.

Mke wangu alikuwa kakaa pembeni yangu, simu iko spika. Nyasi mbichi ukizirundika zimebanana zinajipasha moto zenyewe, wale wadudu wadogo wanaozioza wanaweza kuzifikisha hata nyuzi 50 na zaidi, na ukizifunga zisipate hewa, harufu yake bora panya. Nikafungua mdomo nimwambie kaka yake afungue buti. Mke wangu akanyoosha mkono, akakata simu.

"Mwache fundi amalize viti kwanza," akasema. "Mtandio wa mama ulikuwa wa hariri."