Kaboni Amilifu Ikitiwa Asidi, Vitundu Vyake Hujaa Nini?

Tia punje kavu za kaboni amilifu ya vifuu vya nazi, yaani makaa yenye vitundu vingi vidogo mno, katika glasi ya maji, utaona nyingi zinaelea, kisha viputo vya hewa vinachomoza kimoja kimoja kadiri maji yanavyopenya. Ndiyo sababu kaboni mpya ya vichujio hulowekwa saa nyingi kabla ya kutumika. Punje zilizochemshwa katika asidi ya nitriki huzama upesi zaidi, kwa kuwa asidi imeacha kwenye kuta zake makundi ya atomi yenye oksijeni, hasa yale yaitwayo kaboksili, na maji huyapenda makundi hayo.

Mwaka 1915 mwanakemia Gurvich alieleza kwamba kitu chenye vitundu, kikishiba, hubeba takriban ujazo uleule wa kimiminika chochote. Kwa benzini, kimiminika kisichochanganyika vizuri na maji, kanuni hiyo inafaa: kuta mbili za kitundu kisichofika upana wa nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) huivuta kwa pamoja, nacho hujaa hata mvuke wake ukiwa haba. Maji yana tabia nyingine. Molekuli zake hushikana zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyoushika ukuta wa kaboni, hivyo katika kaboni isiyotiwa asidi vitundu hubaki karibu vitupu mpaka unyevu wa hewa ukaribie asilimia 50, ndipo hujaa kwa kasi. Penye kaboksili molekuli ya kwanza hupata pa kujishikiza, nyingine huifuata, na kujaa huanza mapema.

Wanaotetea asidi wana hoja nzito, kwani ioni (chembe zenye chaji) za metali za risasi na kadimi hunaswa na makundi hayohayo. Lakini fenoli, kichafuzi cha kikaboni, na vingine vya jamii yake, hukuta vishada vya maji vimekwisha kutanda mlangoni. Tena asidi kali hubomoa kuta nyembamba. Hasara hii, naona, haipewi uzito wake, hasa pale kaboni inaposifiwa kwa eneo la kuta zake pekee, yaani mita za mraba kwa kila gramu. Kipimo hicho hupatikana kwa kupima gesi ya nitrojeni inayonaswa, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ndani ya vitundu vilivyokwisha kukaushwa, ilhali kichujio hufanya kazi kikiwa kimelowa.

Kwa maji yenye fenoli ningeiacha kaboni bila asidi na kuiloweka mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Kwa maji yenye risasi ningeitia asidi. Yenye vyote viwili yapitishwe katika matabaka mawili, kila kaboni na lake.