Usimchague dume kwa singa zake

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya farasi dume wa Andalusia, mbegu ya Hispania. Mweupe pe, singa zimemwagika begani, shingo imepinda kama ya jogoo anayetafuta ugomvi. Swali ni lile lile: "Huyu vipi, anafaa kwa jike wangu?" Jibu langu nalo ni lile lile: nitumie video anatembea kuja mbele ya kamera, halafu niambie anafanyaje saisi, yaani mtunza farasi, akiingia kumsafisha kwato. Wengi hapo hunyamaza.

Hebu tuanze na hiyo shingo. Wahispania wana daftari la ukoo wa farasi hawa tangu 1912, na dume hapati kibali cha kuzalisha mpaka akaguliwe, hata kama baba na mama wote wana vyeti. Shingo ikijaa mafuta hadi ukingo wake wa juu ukalalia upande mmoja, anakataliwa. Sisi huku tunamjaza pumba na mahindi, shingo ikilala tunasema amenawiri!

Miguu ya mbele ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Wapo farasi wa Andalusia wanaotupa kwato nje wakitembea, kama mtu anayefyeka majani kwa mundu. Kwenye gwaride watu wanapiga makofi. Kwenye mawe ya huku chini ya Mlima Meru, Arusha, viungo ndivyo vinavyolipa, na mtoto anaweza kurithi mwendo huo huo. Tabia nayo sina msamaha nayo. Hii ni mbegu inayosifika kwa upole, kwa hiyo ukiniambia dume wako anauma watu kwa sababu "ndivyo madume walivyo", biashara yetu imeishia hapo. Na kama ni mweupe mwenye umri mkubwa, inua mkia uangalie. Farasi weupe wengi waliopita miaka 15 huwa na vivimbe vyeusi pale chini.

Jike wangu alizaa hapa Usa River baada ya miezi kumi na moja, alfajiri, baridi ya kung'ata. Mzee jirani akaja kuona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baba yake si yule mweupe? Huyu mbona rangi ya kahawa iliyoungua? Mwanangu, umepigwa."

Nikamulika tochi kwenye kope za mtoto. Nywele nyeupe chache, zimezunguka jicho kama miwani. Weupe wa Andalusia huzaliwa hudhurungi au weusi, kisha wanapauka mwaka hadi mwaka. Mzee alitazama, akaguna, akaenda zake bila kusadiki.

Rangi inataka subira, lakini mifupa inataka subira zaidi. Yule mtoto akiwa na miaka miwili alikuwa kituko: matako juu, mabega chini, kama meza iliyowekewa matofali miguu ya nyuma. Mtu anaona urefu, anadhani farasi yuko tayari. Mifupa ya chini ya mguu huwahi kukomaa, goti linafuata kwenye miaka miwili na nusu hivi, na uti wa mgongo, pale pale tunapoweka tandiko, unamalizia baada ya miaka mitano. Hiyo miaka miwili na nusu ndiyo pia meno ya mbele ya utoto yanaanza kung'oka, na watu ndipo wanapomtia lijamu.

Jamaa mmoja wa upande wa Moshi alimpanda wake akiwa na miaka miwili. Alipofika minne mgongo ulikuwa umebonyea, akauzwa kwa bei ya kutupa. Nilimwambia, wewe una kahawa, ulingoja miaka mingapi kabla ya kuchuma? Akacheka: "Kahawa haichanjwi."

Hapo alinipata. Usubi wanaeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoua farasi kwa siku chache, na pundamilia wanaubeba bila hata kuugua. Mwaka 1987 ulifika Hispania kwenyewe, na pundamilia walioletwa kutoka Namibia. Sisi pundamilia ni majirani zetu. Kwa hiyo ni chanjo kila mwaka, majani makavu kila kiangazi, mshahara wa saisi kila mwezi, miaka minne au mitano, na hakuna aliyepanda. Kama mfuko wako haufiki huko, usizalishe. Nunua farasi mzima aliyefundishwa. Haina aibu.

Wangu sasa ana miaka mitatu. Anatembezwa kwa kamba kando ya mfereji, bodaboda zinapita, sikio moja kwangu, jingine barabarani. Juzi mzee alitukuta.

"Unampanda lini?"

"Mwakani tutaanza kumzoesha tandiko tupu. Kumpanda, mwaka unaofuata."

Akamshika taya, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Umeshakuwa wa kijivu hadi puani.

"Kumbe," akasema.