Muulize Waziwazi

Kijana akibadilika na ukaingiwa na hofu juu ya maisha yake, muulize kama anawaza kujiua. Litaje jambo lenyewe, usilizunguke. Najua wapo watakaoshtuka: si nitakuwa nimempa wazo ambalo hakuwa nalo? Hofu hiyo naielewa, ila siikubali. Utafiti umelichunguza jambo hili mara nyingi na haujaona kwamba swali hupanda wazo. Wengi wanaoulizwa hupata nafuu, maana walikuwa wamelibeba peke yao.

Tatizo ni jinsi tunavyouliza. "Wewe huwezi kufanya ujinga kama ule, sivyo?" Swali hilo linadai jibu la hapana, na hapana ndiyo utakayopewa. Afadhali useme: "Naona hulali, umeacha michezo, hata rafiki zako unawakwepa. Mtu akilemewa hivi huweza kufikiria kujiua. Wewe umefikiria?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo watu wazima tunapoharibu. Mtoto hajamaliza sentensi, tumeshaanza mahubiri, au tunamtajia wenye shida kubwa kuliko zake.

Tena, usingoje machozi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira, kwa hiyo anayehitaji daktari huishia kuitwa mkaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wakaidi hawawezi kuwa wengi hivyo.

Akijibu ndiyo, muulize kama ana mpango, na usimwache peke yake. Dawa, sumu za wadudu na silaha zifungiwe au ziondolewe kabisa nyumbani. Wapo wanaopuuza hatua hii wakisema aliyeamua hazuiliki. Si kweli. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita baada ya muda mfupi, na asiyepata cha kujidhuru wakati huo ana nafasi ya kuendelea kuishi. Kama hatari iko mlangoni, mpeleke hospitali, kitengo cha dharura, au piga namba ya dharura. Kenya, Tanzania na Uganda zina simu ya msaada kwa watoto, 116; Marekani ina 988, simu ya msaada kwa mtu yeyote anayewaza kujiua, tangu 2022.

Wewe kijana unayesoma haya, huenda rafiki yako atakuambia kabla ya wazazi wake, na atakuapisha usiseme. Siri hiyo usiitunze. Mtafute mtu mzima unayemwamini leo. Wa kwanza akipuuza, nenda kwa mwingine. Rafiki yako anaweza kukununia mwezi mzima, na bado utakuwa umefanya sawa.

Jambo moja familia nyingi hazielezwi: wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali ni za hatari kubwa. Miadi ya kliniki isikosekane, na lile swali liulizwe tena, hata kama atakujibu kwa ukali.