Usiniongezee volti, nisafishie vumbi

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekaza, sikio la kushoto la hedifoni zangu za umeme tuli lilianza kupungua sauti. Halikukata. Lilififia taratibu kama redio inayoishiwa betri, mpaka mwimbaji ambaye siku zote husimama katikati ya kichwa changu akawa amehamia kulia. Nikaubadilisha waya wa kushoto na wa kulia nyuma ya amplifaya, nione kama ugonjwa utahama. Haukuhama. Basi nikafunga kila kitu kwenye boksi, nikateremka nalo mawe ya Igogo, hapa Mwanza, mpaka kwa fundi mmoja mjini.

Fundi akachomeka mita kwenye tundu la hedifoni. "Mwalimu, hii inatakiwa itoe ngapi?"

Nikamwambia volti 580, mbona zimeandikwa hapo mbele.

Akanigeuzia mita: 394. "Ugonjwa wenyewe si huu? Niachie mpaka jioni, napandisha."

Nusura nikubali. Namwandikia kila mwenye hedifoni za aina hii Mwanza, Bukoba, Musoma au popote kando ya ziwa, nikijua kwamba hatufiki wengi, kwa sababu ya hiyo nusura.

Kwa asiyezijua: spika ya kawaida ina sumaku, koili na karatasi. Hizi hazina hata kimoja. Ndani ya kila sikio kuna utando wa plastiki wenye unene wa mikroni 1 au 2 hivi, wakati unywele wa kichwani una kama 50 hadi 100. Utando umepakwa kitu kinachopitisha umeme kwa shida sana, ukawambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Unajazwa chaji na kukaa nayo. Muziki wenyewe unaingia kwenye mabamba, hili likivuta na lile likisukuma. Ni umeme tuli ule ule wa kitana ulichosugua kwenye nywele kikadaka vipande vya karatasi, tuliochezea shule ya msingi. Stax, kampuni ya Japani, walitoa za kwanza, SR-1, mwaka 1960. Katika mfumo wao wa zamani utando ulikuwa unajazwa kwa volti 230. Baadaye wakaja na mfumo waliouita Pro, ndio huu wa 580. Zangu ni za ukoo wa Lambda, zile za mstatili zinazokufanya uonekane umevaa mabehewa mawili ya treni masikioni. Mke wangu hanipigi picha nikiwa nazo.

Turudi kwenye mita. Zile volti 580 hazifiki kwenye tundu zikiwa huru. Zinapitia kwanza rezista kubwa, yaani kipande cha kukaba mkondo wa umeme, kwangu ni ya megaohmu 4.7, iliyowekwa makusudi ili chaji iingie polepole na mtu akigusa asidhurike. Mita ya kawaida ya dijitali nayo, ukiitazama kwa ndani, ni kama rezista ya megaohmu 10. Ukiichomeka pale, inakunywa. Volti zinagawana kati ya rezista mbili: 10 kwa 14.7, yaani asilimia 68. Chukua 580, zidisha kwa 0.68, utaiona 394 yako bila kwenda kwa fundi. Mita ilikuwa inasoma njaa yake yenyewe.

Nilimchorea fundi hayo kwenye kipande cha boksi. Sifa zake nimpe: hakununa. Akafungua mfuniko, akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kama mafundi wa redio za valvu walivyofundishana, akapima kabla ya rezista. 578. Amplifaya ilikuwa nzima kabisa. Kama angepandisha mpaka mita isome 580 pale kwenye tundu, utando ungepata zaidi ya volti 850.

Na hapa kuna jambo ambalo wa Tokyo halimhusu. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na hewa nyepesi huachia cheche mapema. Tofauti si kubwa kiasi cha kutisha kwa volti 580, lakini inaelekea upande usio wetu. Anayetaka kuongeza volti akiwa Mwanza anaongeza mahali ambapo nafasi ya kuongeza imeshapungua.

Jambo la kukuchekesha ni kwamba watu wanaziogopa hizo 580, ambazo nyuma ya rezista yake haziwezi kutoa hata theluthi moja ya miliampia. Kinachoua kiko pembeni, kwenye volti 300 na ushee, chanya na hasi, zinazoendesha mabamba. Zile zina nguvu ya kweli nyuma yake, na kapasita, vile vipande vya kuhifadhi chaji, zinazibakiza hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zima, chomoa, subiri, pima, halafu ndipo uingize bisibisi. Kama huna mita, acha mfuniko ulivyo.

Sasa ugonjwa wangu ulikuwa nini? Nilirudi nyumbani, nikatandika shuka jeupe mezani, nikabandua mito ya masikio. Kwenye Lambda imeshikiliwa na gundi ya pande mbili, unaivuta polepole kutoka pembeni. Chini yake palitakiwa kuwe na kipande cha sponji. Nilikuta unga mweusi unaonata, kama masizi ya koroboi yaliyochanganyika na asali. Sponji za miaka ile zinajifia zenyewe, hata zikiwa kabatini. Upande wa nyuma, kwenye matundu ya nje, nikakuta wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka majini kama moshi na kuvamia kila taa jioni. Walikuwa zaidi ya kumi, wamekauka kwenye matundu ya sikio la kushoto tu. Nilipofikiri nikajua sababu: huwa nazitundika kwenye msumari karibu na dirisha, kushoto kukitazama balbu ya barazani.

Uchafu peke yake pengine ungenyamaza. Uchafu uliolowa unyevu wa masika ndio unaofungua njia ya chaji kutoroka kwenye utando, tone kwa tone, na upande unaotoroka chaji ndio unaopungua sauti. Upande mmoja ukififia siku za mvua na kurudi kiangazi, usiandikie barua Japani.

Nikasafisha kwa brashi laini ya rangi, mpya, na pampu ndogo ya mpira ya kubonyeza kwa mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na tafadhali usizipeleke kwenye kompresa ya mtu wa pancha. Najua inavyovutia, sekunde mbili na vumbi lote limekwenda, lakini mikroni mbili za plastiki hazikuumbwa kukabiliana na upepo wa tairi la lori.

Halafu nikazifungia siku tatu kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vipakiti vyenye punje za kunyonya unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Omba madukani, wanavitupa. Vikishiba unyevu, vikaushe juu ya jiko lenye moto mdogo, vitumie tena. Jirani alinishauri mchele, kama simu iliyotumbukia ndooni. Mchele una vumbi kuliko barabara ya vumbi. Siku ya nne sikio la kushoto likawa limerudi, na mwimbaji akarudi katikati.

Gharama yote: brashi na pampu. Ndiyo maana nakuwa mkali kidogo ninapokutana na mtu aliyezinunua mwezi uliopita na tayari anataka kuziboresha. Unaboresha nini ambacho hujawahi kukisikia kikiwa kisafi? Hata mimi niliwahi kulalamika miezi miwili kwamba besi ni nyepesi, nikaanza kutafuta jinsi ya kuziba kila upenyo kwa udongo wa kubandikia. Kumbe mikono ya miwani yangu ilikuwa inanyanyua mto wa sikio na kuachia hewa. Nilipovua miwani, besi ikaja.

Sisemi kila marekebisho ni upuuzi. Kubadilisha kapasita za mashine ya miaka thelathini na ushee ni wajibu. Kutoa ile pamba ya kioo waliyoiweka nyuma ya Lambda za zamani kunabadilisha sauti kweli, wengine wanaipenda na wengine hawaipendi. Itoe, itunze kwenye bahasha, ukijuta irudishe. Hicho ndicho kipimo changu: kama linarudishika, endelea. Lisilorudishika ni lile la kukata pini. Hedifoni za volti 230 zina plagi ya pini sita, na ile pini ya ziada inazuia isiingie kwenye tundu la 580. Kuna watu wanaikata ili iingie. Utando wa volti 230 ukipewa 580 unaweza kuvutwa na kunata kwenye bamba, au cheche zikautoboa, na hapo hakuna fundi wa kuushona. Kinyume chake hakina madhara: za pini tano zinaingia kwenye tundu la zamani, zinalia, ila kwa sauti ndogo.

Kuna Mmarekani, Kevin Gilmore, ambaye michoro yake ya amplifaya za hedifoni hizi imekuwa wazi kwa yeyote kwa miaka mingi, na vijana wa kuchoma saketi huwa wananiuliza kwa nini nisijengewe moja. Natamani. Lakini transista za volti kubwa za kutumia humo nyingi zimeacha kutengenezwa, na feki zimejaa kuliko halisi. Ukiunga feki kwenye volti 400, utajua ni feki kwa moshi.

Umeme wetu ndio unastahili hizo pesa kwanza. Mashine iliyonunuliwa ikiwa imetumika Japani ni ya volti 100, na madukani utauziwa trafo ya 220 kwenda 110. Hiyo kazi yake ni kugawa kwa mbili, basi. Nyumbani kwangu usiku wa manane, mitaa ikiwa imelala, nimepima 243 ukutani. Gawa kwa mbili uone unachokilisha kifaa cha volti 100: zaidi ya asilimia 20 ya ziada, kila usiku, na valvu zikiwaka kama zina homa. Tafuta trafo ya kufika 100 hasa, iweke nyuma ya stabilaiza, na umeme ukikatika chomoa, usirudishe hadi zipite dakika kumi tangu urudi.

Au fanya ninavyofikiria kufanya mimi. Zamani Stax waliuza maboksi madogo ya trafo ya kuunganisha hedifoni hizi kwenye waya za spika za amplifaya yoyote. Baadhi, zenye herufi SB mwisho wa jina, hazina hata plagi ya ukutani. Zinachota volti za kujazia utando kutoka kwenye muziki wenyewe. Ni za mfumo wa 230, kwa hiyo sauti yangu itapungua, na wanaojiita wajuzi wanazidharau. Wao umeme haukatiki. Kwa nyumba yenye amplifaya nzuri ya kawaida inayokula sola, sioni kwa nini nisiwe nalo.

Nasikia pia ile hoja kwamba vitu hivi ni vya watu wenye viyoyozi. Japani kuna msimu wa mvua mwezi wa sita na wa saba ambao nguo hazikauki, na huko ndiko vilikozaliwa.

Fundi alikuja Jumapili iliyofuata, kwa miguu yake, kupanda mawe yote yale. Alisema amekuja kuona kama kweli sikio limepona. Nikampa kiti, nikamvisha, nikamwekea kaseti ya muziki wa dansi niliyorithi kwa marehemu mjomba. Alikaa kimya wimbo mzima, macho chini, kidole kikigonga goti. Ulipoisha akainua mkono.

"Rudisha nyuma kidogo, mwalimu. Pale kabla gitaa la solo halijaingia. Kuna mtu amevuta kiti."

Nikarudisha. Kweli, kuna mtu amevuta kiti.